Blackjack, yaani ishirini na moja: ni mchezo wa Wafaransa, wa Wahispania au wa Wamarekani?

#1 Mwendapole

Wakuu, salaam.

Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ni baharia katika meli za watalii, alikuja nyumbani kwa likizo na akatufundisha mchezo wa karata unaochezwa kwenye kasino ya meli yao. Kila mchezaji hupewa karata mbili, hujumlisha thamani zake, kisha huomba nyingine moja moja ili aikaribie 21 bila kuivuka. Picha zote huhesabiwa 10, na ree huhesabiwa 1 au 11 kwa kadiri inavyomfaa mwenye nayo. Mpwa wangu alidai kwamba mkufunzi wao aliwaambia kuwa mchezo huo ulibuniwa na askari wa Napoleon waliokuwa wakipoteza muda kambini. Mimi nilibisha na kusema kwamba ni mchezo wa Wamarekani, kwa kuwa jina lenyewe ni la Kiingereza na Las Vegas ndiko ulikopata umaarufu. Tumewekeana dau la kreti moja ya soda. Naomba mwenye ushahidi, si hisia tu, atuamue.

#2 Kitabu Wazi

Ndugu Mwendapole, nyote wawili mmekosea, kwa hiyo kreti hiyo ni haki yangu.

Mwandishi Mhispania Miguel de Cervantes alichapisha mwaka 1613 mkusanyiko wa hadithi, na mojawapo inaitwa "Rinconete y Cortadillo". Vijana wawili wenye nguo zilizochakaa wanakutana kwenye nyumba ya wageni ya barabarani, katika njia inayotoka Castilla kwenda Andalucía. Mmoja wao anajigamba kwamba pakiti yake ya karata, ijapokuwa ni chafu na imekwisha kuchoka, ina sifa moja ya ajabu: kila akiikata lazima apate ree chini. Anaeleza kuwa katika mchezo uitwao *veintiuna*, yaani ishirini na moja, ree hiyo inaweza kuhesabiwa pointi moja au kumi na moja, na kwa hila hiyo fedha hubaki nyumbani. Baadaye mwendesha nyumbu mmoja anaomba kujiunga nao, na kabla ya nusu saa kwisha wamekwisha kumla reali kumi na mbili na maravedi ishirini na mbili.

Napoleon alizaliwa mwaka 1769. Askari wake hawawezi kubuni mchezo uliokwisha kuchapishwa kitabuni miaka 156 kabla ya kamanda wao kuzaliwa.

#3 Bingwa wa Baraza

Mkuu Kitabu Wazi, hata huko umesimama karibu mno. Nimesoma katika kurasa nyingi za mtandaoni kwamba Warumi wa kale walikuwa na mchezo wa namna hii, ambao waliucheza kwa vibao vya mbao vilivyoandikwa tarakimu. Wahispania walirithi tu.

#4 Ukweli Mtupu

Ndugu Bingwa, kurasa hizo ninazijua, na zote zinanakiliana. Hakuna hata moja inayotaja kibao kilichopatikana, mahali kilipochimbuliwa, wala mwandishi wa Kirumi aliyeutaja mchezo wenyewe. Warumi walicheza sana kamari ya dadu, na hilo lina ushahidi tele, lakini karata ni jambo jingine kabisa. Katika Ulaya karata zinaanza kuonekana kwenye maandishi katika miaka ya 1370. Mji wa Florence, kwa mfano, uliupiga marufuku mchezo wa karata mwezi Machi mwaka 1377 na kuueleza kuwa ni mchezo mgeni uliokuwa umeingia hivi karibuni. Mchezo wa kujumlisha karata hauwezi kuzitangulia karata.

Hata hivyo, sikubali kwamba kreti ni ya Kitabu Wazi. Cervantes anatuambia mchezo uliitwaje na ree ilihesabiwaje, basi. Hatuelezi nani alikuwa mshika benki, yaani yule anayekabiliana na wachezaji wote na kuwalipa washindi, wala nani alishinda hesabu zilipolingana. Tena pakiti ya Kihispania ya kawaida haina malkia, na baada ya tisa inaruka moja kwa moja hadi kwenye picha bila kuwa na karata ya kumi. Je, mchezo unaofanana kwa jina na kwa ree peke yake ndio mchezo ule ule?

#5 Mgawaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya kugawa karata katika kasino moja ya Nairobi kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo naomba niseme neno kwa upande wa meza.

Watu hudhani kwamba kiini cha mchezo ni hiyo namba 21. Sivyo. Kiini chake ni kwamba mgawaji hana hiari. Akiwa na 16 lazima ajiongeze karata, na akifika 17 lazima asimame, hata kama anaona wazi kwamba kusimama kunampa mchezaji ushindi. Usiku wangu wa kwanza kazini nilikuwa na 17, na mbele yangu ameketi mzee mmoja mwenye 18 aliyeweka dau kubwa kuliko mshahara wangu wa mwezi. Mkono wangu ulisogea wenyewe kuelekea kwenye sanduku la karata. Msimamizi aliyekuwa nyuma yangu alikohoa mara moja tu, nami nikaurudisha mkono nikamlipa mzee. Mgawaji ni mashine iliyovaa tai.

Sasa, katika michezo ya nyumbani ya Kifaransa na ya Kiingereza mshika benki alikuwa mchezaji kama wengine. Alijiamulia aongeze au asimame, na benki ilihama kutoka mkono hadi mkono. Mchezo wa kasino wa leo, wenye mgawaji aliyefungwa na kanuni na anayeonyesha karata yake moja, ulikomaa Marekani. Kwa hoja hiyo Mwendapole amshinde mpwa wake, japo kwa shida.

#6 Shangazi wa Tanga

Mgawaji, mwanangu, nakuamini, ila mimi sijaelewa jambo moja. Kama mgawaji hana akili yake mwenyewe na mchezaji anayo, mbona kasino hazifilisiki?

#7 Mgawaji Mstaafu

Shikamoo Shangazi. Kasino haifilisiki kwa sababu mchezaji hutangulia. Akivuka 21, dau lake huondolewa papo hapo, na hata mgawaji akija kuvuka baadaye yeye harudishiwi. Wote wawili wamekosea, lakini aliyekosea kwanza ndiye aliyelipa. Faida yote ya kasino inatoka hapo, na sehemu ya faida hiyo inarudishwa kwa mchezaji anayepata 21 kwa karata mbili za mwanzo, ambaye kwa desturi hulipwa tatu kwa mbili.

#8 Hesabu Kali

Niongezee hesabu hapo. Pakiti ya karata 52 ina njia 1,326 za kupata karata mbili. Ree ziko nne, na karata zenye thamani ya kumi ziko 16, kwa hiyo njia za kupata 21 ya karata mbili ni 64. Hiyo ni asilimia 4.83, au kwa lugha ya baraza ni mara moja katika kila migao ishirini na moja hivi. Wanaopenda miujiza ya namba wataifurahia sadfa hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasino za Las Vegas zilianza kuweka meza zinazolipa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili. Mtu asiyepiga hesabu huona tarakimu kubwa zaidi akafurahi. Ukweli ni kwamba aliyeweka dau la 10 alikuwa akipata 15 na sasa anapata 12, na badiliko hilo peke yake huiongezea kasino faida ya karibu asilimia 1.4, katika mchezo ambao faida yake kwa mchezaji makini ilikuwa kama nusu ya asilimia tu.

Na kuhusu historia, tusiwasahau askari wanne wa Jeshi la Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliokuwa katika kituo cha Aberdeen, jimbo la Maryland. Inasimuliwa kwamba Baldwin aliposikia katika mchezo wa kambini kuwa mgawaji wa Las Vegas hulazimika kusimama kwenye 17, alitambua papo hapo kuwa fumbo hilo linaweza kukokotolewa mpaka mwisho. Wakalikokotoa kwa mashine za mezani za kujumlishia, na makala yao ikatoka Septemba 1956 katika jarida la wanatakwimu wa Marekani. Kisha akaja Edward Thorp, ambaye aliutumia ukumbi wa kompyuta wa chuo cha MIT kuonyesha kwamba karata zilizokwisha kutoka hubadilisha uwezekano wa zilizobaki: zikibaki ree na kumi nyingi, mchezaji ndiye mwenye faida. Kitabu chake kilitoka mwaka 1966.

#9 Kitabu Wazi

Masahihisho madogo, ndugu Hesabu Kali: 1966 ni mwaka wa toleo la pili. Toleo la kwanza lilitoka 1962.

#10 Hesabu Kali

Nashukuru, nimesahihishwa. Na kwa kweli mwaka huo una maana, kwa sababu tarehe 1 Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibadilisha kanuni kwa kuhofia wahesabu karata. Zilikataza kutenganisha ree mbili ili kuzicheza kama mikono miwili, na zikabana ruhusa ya kuongeza dau maradufu. Wachezaji wa kawaida, ambao hawakuwa wakihesabu chochote, waliziacha meza zile tupu, na baada ya wiki chache tu kanuni za zamani zikarudishwa kimya kimya. Kitabu kilichokusudiwa kuzitia hasara kasino kiliishia kuzijazia wateja, maana kila aliyekisoma alijiona bingwa.

#11 Shangazi wa Tanga

Haya ya hesabu nimeyapita kwa heshima zote. Mimi nauliza jina. Tumesikia *veintiuna* na ishirini na moja. Huyu Jack mweusi ametokea wapi?

#12 Msomi wa Usiku

Shangazi, maelezo yanayorudiwa zaidi ni haya. Mchezo ulipoingia Marekani kwa jina la Kifaransa, *vingt-et-un*, nyumba za kamari zilitaka kuvuta wateja, zikatoa zawadi maalumu: aliyepata ree ya shupaza pamoja na ghulamu mweusi (ghulamu ndiye Jack kwa Kiingereza), wa shupaza au wa pau, alilipwa mara kumi ya dau lake. Zawadi ikafutwa baadaye, lakini jina la yule ghulamu likabaki kuwa la mchezo wote.

#13 Ukweli Mtupu

Ndugu Msomi, maelezo hayo ni mazuri kupita kiasi, na ndiyo yaliyonitia shaka. Mwanahistoria wa karata Mfaransa Thierry Depaulis aliyachunguza na hakuona ushahidi wa kihistoria wa zawadi hiyo ya ghulamu mweusi. Anachopendekeza yeye ni kwamba jina lilitoka kwa watafuta dhahabu wa Klondike, huko Kanada, kati ya 1896 na 1899. Wachimba madini wanaozungumza Kiingereza huliita jiwe fulani jeusi lenye zinki kwa jina hilo la *black jack*, na kwa kuwa jiwe hilo mara nyingi huambatana na madini ya thamani, walilihamishia jina lake kwenye bahati ya mezani. Aliyeona jiwe jeusi alijua kuwa mali iko karibu, na aliyeshika ree na kumi naye kadhalika.

#14 Bingwa wa Baraza

Yaani mimi nikileta vibao vya Warumi naambiwa nionyeshe kibao, lakini ndugu Ukweli Mtupu akileta jiwe la Klondike hatuombi kuliona?

#15 Ukweli Mtupu

Umenishika, na ninakiri kwamba hoja ya jiwe nayo ni dhana. Tofauti ni kwamba jina la jiwe lilikuwapo kweli na wachimbaji walikuwapo kweli. Kinachokosekana ni daraja kati yao na meza.

#16 Msomi wa Usiku

Basi niongeze kitu kinachowavuruga wote. Sheria za jimbo la Nevada, ambako kamari iliruhusiwa tena mwezi Machi mwaka 1931, katika orodha ya michezo inayohitaji leseni zinaitaja *twenty-one* na *blackjack* kila mmoja peke yake, na karibu nao unatajwa mchezo wa saba na nusu, ule ambao Waitalia hucheza hadi leo wakati wa Krismasi kwa pakiti ya karata 40 na picha zenye thamani ya nusu pointi. Katika orodha hiyo hiyo umo pia mchezo uitwao Klondike. Je, watunga sheria waliiona ishirini na moja na blackjack kuwa michezo miwili tofauti, au walikuwa wakiziba mianya tu, ili mtu asije akajitetea kwamba mchezo wake una jina jingine? Mimi naegemea kwenye kuziba mianya. Mwanasheria yeyote anajua jinsi orodha za namna hiyo zinavyotungwa.

#17 Kijukuu cha Askari

Habari zenu. Mimi nina njia ya tatu, ambayo haipiti Marekani kabisa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa katika KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na alipelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Aliporudi alikuwa na mchezo aliouita "pantuni", na alitufundisha sisi wajukuu tukicheza kwa punje za mahindi. Ukipata karata tano bila kuvuka 21 ulilipwa maradufu, na hesabu zikilingana mwenye benki ndiye aliyekula. Alipokuwa mwenye benki alizikunja karata zake zote mbili kifuani, hakuonyesha hata moja, akawa anatutazama usoni tukihangaika. Nilipokuwa mkubwa niligundua kuwa Waingereza wana mchezo wenye kanuni hizo hizo uitwao *pontoon*, na wengi wanasema jina hilo ni *vingt-un* ya Kifaransa iliyoharibiwa vinywani mwa askari. Kwa hiyo ishirini na moja ilifika kijijini kwetu kabla ya kasino yoyote, ikiwa imetoka Ufaransa, ikapita kwa Waingereza, na ikashuka na babu pale stesheni.

#18 Mgawaji Mstaafu

Ndugu Kijukuu, ushahidi wako unaniunga mkono mimi. Babu alificha karata zote mbili na alikuwa na hiari yake. Mgawaji wa kasino anaonyesha moja na hana hiari. Ni ndugu, lakini si mchezo mmoja.

#19 Kijukuu cha Askari

Ndugu wa baba mmoja, mzee wangu, wanagawana urithi.

#20 Pwani Kongwe

Nimesoma uzi wote kwa utulivu, na ninashangaa kwamba tunazunguka Nevada na Burma huku ushahidi tumeukalia. Tazameni maneno yetu wenyewe. *Karata* ni neno la Kireno, *carta*. *Kopa* ni *copas*, yaani vikombe. *Uru* ni *ouros*, dhahabu. *Shupaza* ni *espadas*, panga. *Pau* ni *paus*, magongo. *Turufu* ni *trunfo*, na *seti* ni *sete*, saba. Ndiyo maana tunaita kopa karata yenye picha ya moyo ingawa hakuna kikombe chochote pale: kikombe kimebaki kwenye jina tu. Hizi ni familia zile zile za Rasi ya Iberia, na wale wezi wawili wa Cervantes nao walikuwa wameshika vikombe, dhahabu, panga na magongo.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Wazee wa pwani waliziita picha *wazungu*: malkia ni mzungu wa pili, ghulamu ni mzungu wa tatu, na mfalme ni mzungu wa nne. Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini malkia awe chini ya ghulamu, wala mzungu wa kwanza alikwenda wapi. Jibu liko kwenye hesabu ya mchezo wa wahedi wa sitini. Malkia ana pointi 2, ghulamu 3, mfalme 4, seti 10 na ree 11. Jumlisha mara nne unapata 120, na anayefikisha 61, yaani moja na sitini kwa Kiarabu, ndiye mshindi. Mchezo wa Wareno uitwao *sueca* una thamani hizo hizo, moja baada ya moja, na jumla ile ile ya 120. Sisi tumeutia jina la Kiarabu juu ya hesabu ya Kireno na tukaucheza kwa Kiswahili.

#21 Mwendapole

Mzee Pwani Kongwe, nimelisoma bandiko lako mara mbili, kisha nikamsomea mama yangu, ambaye ana miaka sabini na mitano. Nilimuuliza mzungu wa tatu ni nani, na kabla sijamaliza akasema, "Ghulamu, na ana tatu." Hakuhitaji kufikiri.

Kwa taarifa ya wote, kreti ya soda imekwisha kunywewa na watoto wakati sisi tukibishana, kwa hiyo sasa tunatafuta ukweli mtupu, bila kumkusudia mwenye jina hilo.

#22 Kitabu Wazi

Kama tunaingia kwenye maneno, basi turudi nyuma zaidi ya Wareno. Katika jumba la Topkapı, Istanbul, ipo pakiti ya karata ya karne ya 15 hivi, ya enzi za Mamluki, watawala wa Misri wa wakati ule, ambayo mtaalamu L. A. Mayer aliiandikia makala mwaka 1939. Ina familia nne, nazo ni vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Wakubwa wake hawachorwi sura bali huandikwa vyeo: *malik*, kisha *na'ib malik*, kisha *thani na'ib*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Ni mfalme, naibu wa mfalme na naibu wa pili. Ile marufuku ya Florence ya 1377 aliyoitaja Ukweli Mtupu inauita mchezo wenyewe *naibbe*, na Wahispania hadi leo huziita karata *naipes*, neno ambalo wengi hulihusisha na huyo huyo naibu.

#23 Shangazi wa Tanga

Kumbe kila waziri akiteuliwa na naibu wake tunagawiwa karata.

#24 Hesabu Kali

Kwa heshima, nataka kuweka tahadhari kwenye bandiko la 20. Kwamba majina ni ya Kireno hilo halina ubishi, lakini yaliingia lini? Tunapenda kufikiri kwamba yalikuja na mabaharia waliofika tangu 1498 na kukaa mpaka Ngome ya Yesu ilipotekwa mwaka 1698. Lakini Wagoa, waliokuwa chini ya Ureno, walikuwapo Unguja katika karne ya 19, na mpaka wetu wa kusini ni Msumbiji. Mreno wa leo akishika karata yenye moyo anaiita *copas* vile vile. Majina hayo yangeweza kuingia wakati wowote kati ya hizo karne nne.

#25 Pwani Kongwe

Hoja ni ya haki, kijana. Ninachosema ni kwamba maneno haya yamekolea mno katika ndimi za Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja kiasi kwamba ni vigumu kwangu kuamini kuwa ni ya juzi. Lakini ugumu wangu wa kuamini si hati.

#26 Mchambuzi wa Meza

Naomba niwatoe njiani kidogo. Mnabishana juu ya blackjack kana kwamba ndiyo malkia wa kasino, wakati Macau, ambayo ndiyo kitovu kikubwa cha kamari duniani, sehemu kubwa ya mapato ya meza hutokana na mchezo mwingine wa karata uitwao bakarati. Nayo pia ina ngano yake ya asili, kwamba ilibuniwa na Mwitalia mmoja wa karne ya 15, ilhali maelezo ya uhakika ya mchezo huo tunayapata Ufaransa katika karne ya 19. Tena Macau yenyewe ilikuwa chini ya Ureno mpaka Desemba 1999, kwa hiyo Wareno wa Mzee Pwani Kongwe wamo hata huko.

#27 Bi Kidawa wa Vitabu

Ahsante kwa uzi. Nimesubiri mtu amtaje mwanamke, sikuona, basi nimtaje mimi. Mwaka 1854 alifika Nevada City, California, mwanamke aliyejiita Eleanor Dumont, akafungua nyumba ya kamari ambayo mchezo wake mkuu ulikuwa *vingt-et-un*. Wachimbaji walipanga foleni ili wapoteze dhahabu yao mbele yake, na masharti ya nyumba yake yalikuwa wasitukane na waje wakiwa safi. Baadaye walimpachika jina la dhihaka la Bibi Masharubu, na alifariki mwaka 1879 huko Bodie. Jambo ninalotaka mlitazame ni tarehe. Mchezo huu Marekani ulipitia mikononi mwa watu kama yeye, kwa jina la Kifaransa, miongo minne kabla ya Klondike.

#28 Mgawaji Mstaafu

Bi Kidawa, hilo linanilazimu kurudi nyuma hatua moja. Kama yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa benki kila usiku, na wachimbaji hawakupokezana naye, basi kuhama kwa benki kulikoma huko machimboni, si Las Vegas.

#29 Mwamba wa Maadili

Ndugu zangu, mnasifia kamari. Dini zetu zimeikataza, na tumeona nyumba zikiuzwa kwa ajili yake.

#30 Shangazi wa Tanga

Mwanangu, hapa hapajawekwa dau ila kreti ya soda, nayo imenywewa na watoto. Anayejua nyoka alikotoka si lazima amfuge.

#31 Ukweli Mtupu

Nina swali kwa Mzee Pwani Kongwe, na sijaribu kumtega. Kama Wareno ndio waliotuletea karata, na kama ishirini na moja ilichezwa Rasi ya Iberia tangu enzi za Cervantes, mbona pwani yetu imehifadhi ile ya 61 na haikuihifadhi ya 21?

#32 Pwani Kongwe

Nadhani ni kwa sababu ya baraza lenyewe. Wahedi wa sitini huchezwa wawili kwa wawili, na mshindi hulipwa kwa kumcheka aliyefungwa mpaka magharibi. Ishirini na moja haina mwenza. Inataka mtu mmoja awe benki na wengine wote wamkabili, na bila dau haina utamu. Mchezo wa namna hiyo hauchezeki mbele ya mlango wa shehe.

#33 Kopa la Mkoani

Shikamoo Mzee Pwani. Mimi ni wa Pemba, na ninalazimika kukupinga. Miaka ya sabini, msimu wa korosho, sisi watoto tulicheza mchezo tuliouita ishirini na moja tu, bila jina jingine. Dau lilikuwa korosho mbichi, mwenye benki alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na ree ilihesabiwa moja au kumi na moja. Hakuna aliyekuwa amesikia habari za kasino.

#34 Ukweli Mtupu

Nani aliwafundisha?

#35 Kopa la Mkoani

Kaka yangu mkubwa, na yeye alifundishwa na fundi cherehani mmoja wa mjini. Nimempigia simu kaka usiku huu kumuuliza kama fundi yule alikuwa Mgoa au alikuwa askari wa zamani wa KAR. Amesema anachokumbuka ni kwamba alikuwa haachi kukata karata kwa mkono wa kushoto, na kwamba bado wanadaiwa korosho.